Cavalier King Charles Spaniel: maswali ya ukuaji na uzito yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo watu wenye Cavalier wanauliza kila siku, wengi wao wako Uingereza na kwingine Ulaya ambako hawa mbwa wamejaa, na wengine wako nyumbani Afrika Mashariki. Jambo moja naliweka wazi tangu mwanzo: kwa mbwa huyu uzito sio suala la urembo, ni suala la moyo wake, kwa hiyo ukiona nasisitiza sana mahali fulani jua sababu ni hiyo.

Cavalier mzima anatakiwa awe na kilo ngapi?

Kwa vigezo vya Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa na kuweka vigezo vya kila aina, ni kilo 5.4 hadi 8.2. Marekani wao wanasema pauni 13 hadi 18, yaani kama kilo 5.9 hadi 8.2, na urefu kwenye bega inchi 12 hadi 13, hizo ni sentimita 30 hadi 33 hivi. Sasa hivyo ni vigezo vya maonyesho, ukienda majumbani utakuta Cavalier wengi tu wa kilo 9 na hata 10. Wapo wenye kilo 9 ambao ni wazima kabisa kwa sababu wamejengeka mifupa mikubwa na wamerefuka, na wapo wenye kilo 7 ambao tayari ni wanene kwa sababu mwili wao ulitakiwa uishie kilo 5 na nusu. Ndiyo maana ukiniuliza "wangu ana kilo 8 je yuko sawa" siwezi kukujibu mpaka mtu aweke mkono kwenye mbavu zake.

Mbona wanatofautiana hivyo, ndugu wawili wa uzao mmoja, mmoja mdogo mwingine jitu?

Historia yake inachangia. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja anaitwa Roswell Eldridge alitoa zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa mtu atakayeleta spaniel wa zamani, yule mwenye pua ndefu kidogo anayeonekana kwenye picha za kuchora za enzi za Mfalme Charles wa Pili, maana wakati huo waliobaki walikuwa wamefupishwa pua mno. Klabu ikaanzishwa mwaka 1928, na mwaka 1945 Kennel Club ikamtambua Cavalier kama aina yake peke yake, tofauti na King Charles Spaniel ambaye ni mdogo zaidi, kilo 3.6 hadi 6.3. Mbwa walioanzisha ukoo huu walikuwa wachache, na ukubwa haujawahi kutulia sawasawa. Hata leo kwenye uzao mmoja mmoja anaweza kuishia kilo 6 na ndugu yake kilo 9 na wote wamelishwa sawa. Ukitaka kukisia wako ataishia wapi, angalia baba na mama yake kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kitoto changu kina wiki 8. Nitajuaje kinakua sawa?

Akizaliwa huwa na gramu 150 hadi 250 hivi, na anatakiwa aongezeke kila siku, uzito unakuwa mara mbili ndani ya wiki moja mpaka siku kumi. Hiyo kazi ni ya mwenye mama yake lakini muulize, mtu makini atakuwa na daftari la uzito wa kila mmoja na atakuonyesha bila kusita.

Akifika kwako wiki 8, wengi wako kati ya kilo 1.4 na 2.3. Miezi mitatu, kama kilo 2.3 hadi 3.2. Akikaribia miezi minne anakuwa kama nusu ya uzito wake wa ukubwani, miezi sita anakuwa amefika karibu robo tatu. Baada ya hapo kasi inapungua sana, urefu unaisha kati ya miezi 9 na 12, halafu anaendelea kujazia kifua na misuli taratibu mpaka mwaka na nusu. Watu wengi wanakosea hapo kwenye miezi sita, wanaendelea kumpa chakula kile kile cha wakati anakua kama moto, na kwa sababu kasi imeshapungua kinachobaki kinakuwa mafuta.

Hizo namba usizishike kama sheria. Kinachotazamwa ni mstari: anapanda taratibu bila kusimama na bila kuruka ghafla? Mpime kila wiki mpaka miezi minne au mitano, baadaye kila wiki mbili inatosha. Kitoto kidogo mweke kwenye bakuli juu ya mzani wa jikoni (weka kitaulo ndani ya bakuli ili asiteleze na asiogope, halafu rudisha mzani kwenye sifuri kabla hujamweka). Akishakuwa mkubwa simama naye kwenye mzani wa bafuni, kisha simama peke yako, toa. Ila mzani wa bafuni unapotea gramu mia moja mbili kirahisi, na kwa mbwa wa kilo 7 hiyo sio ndogo, kwa hiyo ukipita kwa daktari wa mifugo omba tu umpime pale, kliniki nyingi zinakuruhusu kutumia mzani wao hata kama huna miadi.

Kuna chati yoyote ya kufuata kama ile ya watoto kliniki?

Ipo. WALTHAM, kituo cha utafiti cha Uingereza, walitoa chati za ukuaji wa mbwa zinazoanzia wiki 12 mpaka miaka miwili, dume na jike mbalimbali, zimegawanywa kwa uzito anaotarajiwa kuufikia ukubwani. Cavalier anaangukia kwenye kundi la chini ya kilo 6.5 au lile la kilo 6.5 hadi 9, inategemea wazazi wake. Namna ya kuisoma ni kama kadi ya mtoto ya kliniki: unaweka nukta, unaunganisha, na mbwa mzima anafuata mstari wake uleule. Akivuka mistari miwili kwenda juu anakula mno, akivuka miwili kwenda chini mpeleke kwa daktari.

Hiyo ya kushika mbavu inafanywaje? Wangu ana manyoya mengi sioni kitu.

Hapa naomba tutulie kidogo kwa sababu ndiyo kipimo chenyewe.

Macho yanadanganya kwa Cavalier. Manyoya ya kifuani, ya tumboni na yale marefu ya miguuni yanaficha kila kitu, mbwa anaweza kuongeza kilo nzima na wewe unaona tu kapendeza. Kwa hiyo msimamishe, simama nyuma yake, weka viganja vyote viwili ubavuni kushoto na kulia, vidole vipite chini ya manyoya viguse ngozi, kisha telezesha polepole mbele na nyuma bila kukandamiza. Unatakiwa uhesabu mbavu moja moja kwa urahisi, zikiwa na kijitabaka chembamba tu cha mafuta juu yake.

Kama hujui hiyo inahisi vipi, tumia mkono wako mwenyewe. Nyoosha kiganja kikiwa kinaangalia chini, pitisha vidole vya mkono mwingine juu ya vifundo vya mgongo wa mkono: hivyo ndivyo mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri zinavyohisi. Kunja ngumi upapase vifundo, mbavu zikihisi hivyo kakonda mno. Geuza kiganja upapase upande wa ndani hapo kwenye mzizi wa vidole, ukitafuta mifupa unaipata kwa kubonyeza, basi huyo ni mnene.

Baada ya mbavu, mtazame kutoka juu akiwa amesimama, nyuma ya mbavu pawe na kiuno (laza manyoya kwa mkono au subiri siku ya kumuogesha akiwa ameloa, hapo utaona umbo lake la kweli). Kutoka ubavuni, tumbo lipande juu kuelekea miguu ya nyuma, lisiwe limenyooka kama meza. Mwisho shika pale mkia unapoanzia, ukikuta mto wa mafuta hapo, jibu unalo.

Fanya hivi siku ileile kila wiki, iwe Jumapili au siku yoyote unayochana manyoya. Ukiwa na mazoea, mkono wako utagundua mabadiliko kabla ya mzani.

Daktari kaandika BCS 7 kati ya 9. Ni mbaya?

Hicho ni kipimo cha umbo la mwili, 1 ni mifupa mitupu, 9 ni mnene kupita kiasi, 4 na 5 ndipo panapotakiwa. Kila namba moja juu ya 5 ni kama asilimia 10 ya uzito wa ziada, kwa hiyo 7 ni kama asilimia 20. Mbwa aliyetakiwa awe na kilo 7 anatembea na karibu kilo 1.4 zisizo zake, na zinabebwa na miguu ileile na moyo uleule. Kwa Cavalier mimi napendelea 4 au 4 na nusu kuliko 5 iliyonona.

Kwa nini kila mtu anataja moyo?

Kwa sababu ndio unaowaua wengi wao. Cavalier ana urithi wa ugonjwa wa vali ya moyo ya upande wa kushoto, vali inanenepa na kujikunja, haifungi vizuri, damu inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mbwa wa aina nyingine nao wanaupata wakizeeka ila Cavalier unamuanza mapema, wengine wana miaka minne mitano tu daktari anasikia ile sauti ya mnong'ono kwenye moyo, na wakifika miaka 10 karibu wote wanayo. Madaktari wa moyo wanagawa ugonjwa huu kwa hatua A, B1, B2, C na D, na Cavalier yeyote, hata kitoto asiye na dalili yoyote, anahesabiwa yuko A kwa sababu tu ya ukoo wake.

Unene hausababishi ugonjwa huu, tusidanganyane, ni wa kurithi. Lakini moyo ambao baadaye utakuja kuvuja damu hauhitaji kubebeshwa mafuta ya ziada, na mbwa mnene anahema hovyo hata bila ugonjwa, kwa hiyo dalili za mwanzo zinajificha, mwenye mbwa anasema "aah ni mvivu tu" kumbe mapafu yanajaa maji. Ongeza na pua fupi, ongeza na magoti ambayo kwa mbwa wadogo hawa kifuniko chake huteleza nje. Vyote hivyo vinaumia zaidi uzito ukipanda.

Na kwa anayedhani kilo moja ni kitu kidogo: kuna utafiti maarufu uliofanywa na Purina, kampuni ya chakula cha mbwa, kwa mbwa aina ya Labrador 48, ukachapishwa mwaka 2002, nusu walilishwa pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao maisha yao yote. Wale wembamba waliishi karibu miaka miwili zaidi, nusu yao walivuka miaka 13 wakati wenzao walioshiba ilikuwa miaka 11 na kidogo. Sio Cavalier, sawa, ila miaka miwili na mbwa wako ni zawadi ambayo hakuna dawa inayoiuza.

Nimlishe kiasi gani kwa siku?

Anza na jedwali lililo nyuma ya pakiti, ila soma mstari wa uzito ANAOTAKIWA kuwa nao, sio alionao leo kama tayari kanenepa. Na jua kwamba hizo namba mara nyingi ziko juu kwa mbwa anayelala kwenye kochi mchana kutwa.

Ukitaka hesabu yenyewe: mbwa wa kilo 7 anahitaji kama kalori 300 akiwa amepumzika tu bila kufanya kitu. Mkubwa aliyehasiwa anayeishi ndani anahitaji kama mara 1.2 hadi 1.6 ya hapo, yaani kalori 360 mpaka 480, na wengi wa Cavalier wanaangukia chini ya katikati. Kitoto chini ya miezi minne anahitaji karibu mara tatu ya kiwango cha kupumzika cha uzito wake wa siku hiyo, baada ya miezi minne karibu mara mbili. Anza hapo, pima wiki mbili, shika mbavu, rekebisha kwa asilimia 10 juu au chini.

Na chakula kipimwe kwa gramu kwenye mzani. Kikombe ni uongo, leo umejaza kidogo kesho umejaza na kilima juu, kwa mbwa wa kilo 20 haina neno ila kwa mbwa wa kilo 7 gramu 15 kila siku zinakuja kuonekana kwenye kiuno.

Mara ngapi kwa siku?

Wiki 8 mpaka 12, mara nne. Mpaka miezi sita, mara tatu. Baada ya hapo mara mbili maisha yote. Kitoto mdogo usimwache njaa masaa mengi, sukari inaweza kushuka, utamuona amelegea, anatetemeka, anayumba. Hapo mpakie asali kidogo kwenye fizi na umpigie daktari saa hiyohiyo.

Chakula cha kitoto, tena kile cha mbwa wadogo, endelea nacho mpaka miezi 10 au 12, kisha badilisha polepole ndani ya wiki moja, unachanganya kidogo kidogo. Ukinunua Uingereza hakikisha pakiti imeandikwa "complete", maana yake kinatosha peke yake, vingine ni vya kuongezea tu.

Mbona anakula kama hajawahi kuona chakula? Nilimpa saa moja iliyopita!

Ndivyo walivyo. Cavalier atakukalia mbele na yale macho makubwa ya mviringo na utaapa kwamba ana njaa ya wiki nzima. Hana. Mbwa mzima, mchangamfu, mwenye mbavu nzuri na kinyesi kizuri ameshiba, haijalishi macho yanasema nini. Kinachosaidia ni kumgawia chakula chake kilekile kwenye bakuli la mafumbo au kukitawanya kwenye kitambaa akitafute kwa pua, kinachukua dakika 15 badala ya sekunde 40 na akili yake inashiba pia. Njaa ikija ghafla kwa mbwa ambaye hakuwa hivyo, hiyo ni habari nyingine, nimeigusa chini.

Vitafunio je?

Asilimia 10 ya kalori za siku, basi. Kwa mbwa wa kalori 400 hizo ni kalori 40. Sasa angalia: biskuti moja ya digestive ni kama kalori 70. Kipande cha jibini ya cheddar cha gramu 30 ni kama 120, hiyo ni karibu theluthi ya chakula cha siku nzima. Na mashangazi mnaokuja kututembelea huku kutoka nyumbani, tunawapenda, ila chapati moja ya mafuta kwa huyu mbwa inaweza kufika nusu ya kila kitu anachotakiwa kula siku hiyo. Huyo ni mbwa wa kilo 7, sio mjukuu.

Dawa yake ni rahisi: asubuhi pima chakula cha siku, toa kiasi weka kwenye kopo, hicho ndicho kila mtu ndani ya nyumba anampa kama zawadi. Kopo likiisha limeisha. Au mpe vipande vya karoti, tango, maharage machanga ya kijani yaliyochemshwa bila chumvi. Kamwe usimpe zabibu mbichi wala kavu, chokoleti, vitunguu, vitunguu saumu, wala chochote chenye sukari bandia ya xylitol, hizo ni sumu. Vyakula vya mafuta mengi pia achana navyo, Cavalier wana tabia ya kuugua kongosho.

Niko Afrika Mashariki, chakula cha pakiti ni ghali. Naweza kumpa ugali na dagaa?

Ugali peke yake utamnenepesha huku mwili unakosa vitu vya msingi, protini ni kidogo na madini ya kujenga mifupa hayatoshi, kwa kitoto anayekua hilo ni hatari kabisa, miguu inaweza kupinda. Kwa mkubwa unaweza kumpikia ila nyama, samaki au mayai yawe sehemu kubwa ya bakuli, wanga uwe wa kusindikiza, na umuombe daktari wa mifugo akupangie na virutubisho vya kuongeza. Dagaa wa chumvi hapana, hasa huyu wa moyo. Na unga ulioota ukungu usimpe kisa ni mbwa, sumukuvu inaharibu ini na mbwa inawaua haraka. Kama pesa ni ndogo mimi ningesema nunua pakiti nzuri kwa ajili ya mwaka wa kwanza, hapo ndipo mifupa inapojengwa.

Chakula kisicho na nafaka ni bora?

Hapana, na kwa aina hii ya mbwa kuwa mwangalifu. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa misuli ya moyo wakila vyakula vya namna hiyo, vingi vikiwa na njegere na dengu kwa wingi. Haijathibitika moja kwa moja kwamba ndiyo sababu, ila mwenye Cavalier ana sababu gani ya kucheza na moyo?

Nikimhasi atanenepa?

Atanenepa kama hutapunguza chakula. Baada ya upasuaji, dume au jike, mahitaji ya kalori yanashuka na hamu ya kula inapanda, vyote kwa pamoja. Kama ameshamaliza kukua punguza kama robo hivi ndani ya wiki chache zinazofuata na umpime kila wiki mbili. Umri wa kumhasi zungumza na daktari wako, wengi wanashauri asubiri amalize kukua kwanza.

Kitoto changu anaonekana mwembamba, miguu mirefu, amekuwa kama mbuzi!

Miezi 5 mpaka 9 wengi wanapita hapo, ni ujana. Pia miezi minne mpaka sita meno yanabadilika, fizi zinauma, anaweza kususia chakula kikavu siku mbili tatu, mlowekee kwa maji ya uvuguvugu. Ila ukiona mbavu zinaonekana kwa macho kupitia manyoya, au anaharisha, au uzito umesimama wiki mbili mfululizo kabla ya miezi sita, nenda kliniki. Wengine wanakula vizuri sana lakini kongosho halitengenezi vimeng'enya vya kusaga chakula, kinyesi kinakuwa kingi, laini, chenye mafuta. Cavalier wamo kwenye orodha ya wanaopata hilo, na linatibika.

Tumbo kubwa, mwili mwembamba?

Minyoo, mpaka ithibitike vinginevyo. Vitoto wanatakiwa wapewe dawa kila wiki mbili kuanzia wiki ya pili ya maisha mpaka wafike wiki 12 hivi, halafu kwa ratiba ya daktari.

Kuna "teacup Cavalier"? Nimeona tangazo.

Hakuna aina hiyo. Ni mbwa aliyedumaa, au aliyezalishwa kutoka kwa wadogo wa mwisho, au amechanganywa na kitu kingine, na bei imepandishwa kwa jina. Pita.

Wangu kashanenepa. Nimpunguzeje?

Kwanza daktari amsikilize moyo na amkague, usianze kumkondesha mbwa ambaye moyo umeshaanza kushindwa kazi bila maelekezo, kwao kupoteza misuli ni hatari zaidi. Akisema endelea, lengo ni kupungua asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Mbwa wa kilo 10 hiyo ni gramu 100 mpaka 200 tu, inaonekana ndogo, ndiyo inavyotakiwa.

Usichukue chakula chake cha kawaida ukakikata nusu, atakosa protini na vitamini. Kuna vyakula maalum vya kupunguza uzito, vina protini nyingi na nyuzinyuzi, anashiba kwa kalori chache. Familia nzima ikae kikao, maana mtu mmoja anayedondosha vipande chini ya meza anaharibu kazi ya wote. Andika uzito ukutani au kwenye friji kila mtu auone. Ikifika wiki nne hakuna kilichobadilika punguza tena asilimia 10, na kama bado, rudi kliniki.

Tumefanya yote hayo na bado anaongezeka.

Basi damu ipimwe. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kidogo mbwa ananenepa, analala sana, manyoya yanapungua. Homoni ya steroidi ikizidi mwilini anakunywa maji mengi, anakojoa sana, tumbo linaning'inia, ana njaa isiyoisha. Na kumbuka dawa: Cavalier wengi wana tatizo la fuvu kuwa dogo kwa ubongo, maji yanajikusanya ndani ya uti wa mgongo, shingo inauma, anajikuna hewani bila kugusa ngozi. Wakipewa prednisolone njaa inapanda vibaya sana. Hilo sio kosa lako wala la mbwa, mwambie daktari mpange chakula upya kulingana na dawa.

Mazoezi kiasi gani?

Nusu saa mpaka saa moja kwa siku kwa mkubwa, igawe mara mbili, na kitoto mwache acheze mwenyewe na apumzike akitaka. Mvalishe mkanda wa kifuani badala ya kola, kwa ajili ya shingo yake. Kwenye joto, iwe Julai ya London au Machi ya Mombasa, toka alfajiri au jioni jua likishazama, pua fupi haipoozi mwili vizuri na mnene ndio anaanguka wa kwanza. Mazoezi peke yake hayapunguzi uzito kama bakuli halijabadilika.

Nataka kununua. Niulize nini kuhusu wazazi?

Waone kwa macho, washike mbavu, uliza uzito na umri wao. Omba cheti cha moyo cha daktari bingwa, na ule utaratibu unaopendekezwa ni kwamba mbwa asizalishwe kabla ya miaka miwili na nusu, na wazazi wake nao wawe na moyo safi mpaka miaka mitano. Uliza pia kipimo cha MRI cha kichwa na shingo. Norway suala hili lilifika mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya Oslo ilizuia uzalishaji wa Cavalier kwa sababu ya magonjwa haya ya kurithi, kwa hiyo sio maneno ya watu wenye wivu. Mtu akikuambia "wangu hawana haja ya vipimo" aga uondoke.

Mbwa wangu ana miaka 10, amekuwa mnene maisha yote, sasa anapungua mwenyewe. Nifurahi?

Hapana, mpeleke wiki hii. Mzee anayekonda bila wewe kupunguza chakula anaweza kuwa anapoteza misuli kwa sababu ya moyo, figo, meno yanayouma au kitu kingine. Papasa uti wa mgongo, mapaja na juu ya fuvu, ukikuta mifupa imechomoza wakati tumbo bado lipo, hiyo ni misuli imeondoka.

Wakati unasubiri miadi, hesabu pumzi zake akiwa amelala usingizi mzito, kifua kupanda na kushuka ni moja, hesabu dakika nzima. Chini ya 30 ni kawaida. Ikizidi 30 na ukirudia baadaye usiku huohuo bado imezidi, piga simu usiku huo. Kuna dawa inaitwa pimobendan, utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa walioko hatua ya B2, ambao moyo umeshapanuka lakini bado hawana dalili, wakianzishiwa dawa hiyo wanachelewa kufika kwenye moyo kushindwa kazi kwa wastani wa miezi 15. Kwa hiyo mwenye Cavalier wa umri wowote aliyeambiwa kuna mnong'ono, omba ultrasaundi ya moyo ujue yuko hatua gani, na umpelekee daktari lile daftari lako la uzito, ataliangalia kabla hata hajamgusa mbwa.